Mana Ilipokoma

Jumatano

Soma Kutoka 16:16–21 na Yoshua 5:10–12. Ni nini kilichobadilika katika jinsi Waisraeli walivyopata chakula? Ni nini ambacho hakikubadilika?

Miaka 40 jangwani Waisraeli waliokota chakula chao. Kila asubuhi mtu alitoka na chombo, akaokota ya kuitosha nyumba yake. Aliyejaribu kuweka akiba aliikuta imeharibika, isipokuwa ile ya siku ya sita iliyotunzwa kwa ajili ya Sabato. Walipofika Gilgali na kula mazao ya nchi, mana ikakoma. Tangu hapo chakula kilitoka shambani.

Mabadiliko hayo, kutoka kuokota hadi kulima, mataifa mengi yameyapitia, nasi wa nyanda za kati tunayaona kwa karibu. Kuzunguka Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe ambao hata leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma ubuyu na kurina asali. Nyama ikifika kambini, hugawanywa. Wasandawe nao waliishi kwa kuwinda na kuokota, kisha wakajifunza kwa majirani kulima na kufuga. Wagogo walitegemea ng'ombe, uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame. Wala hatujaacha kuokota kabisa: mlenda wa porini bado tunaulia ugali.

Kilimo kilituletea baraka ya kihenge. Mavuno ya mwezi wa sita huweza kumlisha mtoto mwezi wa pili. Lakini kihenge kilileta pia jaribu. Mana ya ziada iliharibika. Uwele wa ziada hukaa. Sasa mtu aweza kushiba huku jirani yake akilala njaa. Ndiyo maana, kabla Israeli hawajaingia Kanaani, Bwana aliagiza pembe za shamba zisivunwe, ziachwe kwa maskini na mgeni (Mambo ya Walawi 23:22). Jangwani hakuna aliyeweza kulimbikiza; shambani mkulima alitakiwa kugawa kwa hiari.

Soma Isaya 28:24–29. Ni nani anayemfundisha mkulima kazi yake?

Jaribu la pili ni kiburi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa jirani, Kongwa. Matrekta yaliletwa, vichaka vikafyekwa kwa haraka. Lakini udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikutosha, na mashine ziliharibika. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Trekta si dhambi, wala mbegu bora si dhambi. Kosa ni kuiamuru ardhi kabla ya kujifunza kwake. Isaya asema Mungu humfundisha mkulima kuweka kila mbegu mahali pake.

Mwaka mmoja wa ukame, darasa letu hapa Haneti lilijifunza juu ya ukarimu, likafunga kwa sala. Juma lililofuata tulisikia kwamba ndugu mmoja wa darasa hilo alikuwa amewapikia watoto wake mbegu aliyoitunza kwa kupanda. Vihenge vyetu vilikuwa na nafaka. Yeye aliona haya kusema, na sisi hatukumwuliza. Mvua iliponyesha, majembe yote yalitoka isipokuwa lake. Nilikuwa mwalimu wa darasa hilo.

Mana ilikoma, lakini Mpaji hakukoma. Anaendelea kulisha watu wake, na sehemu ya chakula cha jirani yako ameiweka katika kihenge chako.

Maswali ya kujadili

1. Katika darasa lenu, ni nani asiye na mbegu ya msimu ujao? Mtajuaje bila kumwaibisha?

2. Je, mtu auze nafaka yote wakati wa mavuno ili alipe ada za shule, au abakize? Mfano wa Yusufu (Mwanzo 41:33–36) unatusaidiaje?

3. "Pembe ya shamba" ni nini kwa mtu anayeishi kwa mshahara au biashara?