SOMO LA UDONGO: Ni Nani Asemaye Kwamba Shamba Limesafika?



Ukiambiwa kwamba shamba lako limeingiwa na sumu isiyoonekana wala kunuka, swali lako la kwanza litakuwa hili: "Je, nitalima tena?" Na la pili: "Atakayesema udongo ni safi atajuaje?" Wakulima wa Japani waliuliza maswali hayo, na majibu yao yana mafunzo kwa kila mtu ashikaye jembe.

Yaliyotokea

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la nchi lilileta mawimbi makubwa ya bahari, yakaharibu kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi. Upepo na mvua vikaeneza juu ya mashamba kitu kiitwacho sesiamu, ambacho hutoa mionzi yenye kudhuru mwili. Kulikuwa na sesiamu za namna mbili. Moja hupungua nusu kwa muda wa miaka 2 hivi. Nyingine huchukua miaka 30. Kwa hiyo kungoja tu hakukutosha.

Jinsi kipimo kilivyowekwa

Hakuna udongo usio na mionzi hata kidogo, maana ardhi ina mionzi yake ya asili. Basi haifai kutoa amri ya kwamba isiwepo kabisa. Wataalamu walianza na chakula cha mtu, wakarudi nyuma mpaka shambani, hivi:

1. Mionzi hupimwa kwa bekereli. Mwaka 2011 mpaka wa muda ulikuwa bekereli 500 katika kilo moja ya mchele.

2. Walikadiria kwamba kilo ya mchele haitapata zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sesiamu iliyomo katika kilo ya udongo.

3. Basi 500 mara 10 ni 5,000. Aprili 2011 serikali ilitangaza kwamba shamba lenye zaidi ya bekereli 5,000 kwa kilo ya udongo lisipandwe mpunga.

Hesabu haikutosha

Oktoba 2011 mkoa wa Fukushima ulitangaza kwamba mchele wake ni salama. Mwezi uliofuata, mchele wa mtaa wa Onami ulipatikana umepita bekereli 500, ingawa mashamba yake hayakuwa yamezuiwa. Wakulima waliokuwa wametii sheria wakakatazwa kuuza mavuno yao.

Kosa lilikuwa nini? Udongo wa mashamba mengine ulikuwa na potasiamu kidogo. Mizizi huichukua sesiamu kama kwamba ni potasiamu. Mmea wenye njaa ya potasiamu hunyonya sesiamu nyingi, ulioshiba huiacha. Udongo wa mfinyanzi nao huishika sesiamu usiiachie mizizi, lakini udongo wa kichanga huishika kidogo tu. Kumbe mashamba mawili yenye kipimo kimoja yaweza kutoa mavuno yasiyofanana.

Walivyotengeneza

Mashamba mengi yalikwanguliwa udongo wa juu kiasi cha sentimita 5, kwa sababu sesiamu haizami upesi. Mengine yalilimwa kwa kina ili udongo wa juu uende chini. Kukwangua kuna hasara yake: udongo wa juu ndio wenye rutuba, ikabidi kuirudisha. Tena udongo uliokwanguliwa ulihitaji mahali pa kuwekwa. Ulipelekwa katika miji ya Okuma na Futaba, na sheria yasema uwe umeondolewa mkoani ifikapo Machi 2045.

Wakulima walitia mbolea ya potashi. Mwaka 2012 mpaka wa chakula ulishushwa kuwa bekereli 100, na kila gunia la mchele wa Fukushima likaanza kupimwa. Katika mavuno ya 2015 yalipimwa magunia zaidi ya milioni 10, na hata moja halikupita mpaka huo.

Mambo ya kukumbuka

Kipimo kizuri huanza kwa mlaji, hufuata udongo wa mahali penyewe, na husahihishwa na mavuno. Nawe upelekapo udongo wako kupimwa kabla ya kununua mbolea, unafuata njia hiyo hiyo. Usitumie majibu ya shamba la jirani.

Maswali

1. Kwa nini mpaka wa udongo ulikuwa 5,000?
2. Potashi ilisaidiaje?
3. Kukwangua udongo kuna hasara gani?