Kupanda Mshubiri Bustanini

Kila mtoto wa pwani aliyeachishwa ziwa kwa shubiri ameonja uchungu wake kabla ya kujua kusema, na hata mtu asiyepata kuuona mmea wenyewe husema kwamba dawa fulani ni chungu kama shubiri. Mmea huo ni mshubiri. Wakamba huuita kiluma, Wakikuyu thukurui, Waluo ogaka, na Wamaasai osuguroi. Majani yake ni manene, yamejaa maji, na kingo zake zina miiba kama meno ya msumeno. Katikati ya majani hutoka shina refu lenye maua mekundu, ya waridi au ya manjano, nayo huchanua hata wakati nchi imekauka na bustani nyingine hazina kitu cha kutazamwa.

Ni ajabu basi kwamba mmea unaojulikana hivi haupandwi na wengi. Mtu akiuhitaji huchukua jembe, huenda porini, huung'oa. Katika Baringo, Samburu na Turkana utomvu wake umekuwa ukikatwa na kuchemshwa kwa ajili ya kuuzwa, na wakataji wasio na subira waling'oa mimea mizima. Mwaka 1986 Rais wa Kenya alitoa amri ya kuilinda mishubiri ya mwituni, ili biashara itokane na mimea iliyopandwa. Tena mishubiri yote, isipokuwa ile ya Uarabuni iitwayo Aloe vera, imo katika orodha ya Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini. Mshubiri utokao katika mbegu hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuchanua, na kuung'oa ni kazi ya dakika moja. Atakaye mshubiri na aupande.

Kwanza achague aina ifaayo. Katika nchi kavu za bara inayoonekana sana ni ile ambayo wataalamu huiita Aloe secundiflora. Jina hilo lina maana ya kwamba maua yake yote hukabili upande mmoja wa tawi, na kwa alama hiyo yeyote aweza kuitambua. Kwa kawaida hukaa peke yake bila kutoa watoto wengi, kwa hiyo hupandwa kwa mbegu. Karibu na Naivasha iko nyingine, Aloe kedongensis, yenye shina refu na matawi mengi. Hii yafaa kwa ua, maana kipande chake kikikatwa na kupandwa hushika upesi. Mshubiri wa Uarabuni una maua ya manjano, nao hutoa watoto wengi kando ya mama yao.

Kuna mmoja ambao haufai kabisa karibu na nyumba. Katika vichaka vya upande wa Taita huota mshubiri mrefu kama mti, upitao kimo cha mtu mara mbili au tatu, na majani yake yakivunjwa hutoa harufu ya panya. Huo ni Aloe ballyi, nao una sumu yenye kuweza kuua. Mtu asiyejua kuutofautisha na mingine asinywe utomvu wa mshubiri wowote alioukuta porini.

Mahali pa kupanda pawe na jua la kutosha, tena pawe pa mteremko, au papandishwe tuta, ili maji ya mvua yasituame. Udongo mweusi wa mfinyanzi ushikao maji ni adui. Yafaa kuuchanganya na mchanga wa mtoni na changarawe mpaka maji yakimwagwa yapotee mara moja. Samadi kidogo iliyooza vizuri yatosha. Samadi mbichi huozesha mizizi.

Mtoto wa mshubiri akishatengwa na mama yake, au kipande kikishakatwa, kisipandwe siku hiyo hiyo. Kiwekwe kivulini siku tatu au tano mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi. Mkulima wa mahindi huona jambo hili kuwa la uvivu, lakini kidonda kibichi kikizikwa katika udongo wenye maji huoza kabla mizizi haijatoka. Baada ya kupanda, kisimwagiwe maji kwa muda wa juma moja.

Na hapa ndipo mishubiri mingi ya nyumbani hufia: katika mikono ya wenyewe wapendao kumwagilia. Wakati wa kiangazi majani hugeuka rangi yakawa mekundu au ya kahawia, na kingo zake hujikunja kwa ndani. Mwenye bustani huona huruma, huleta ndoo ya maji kila jioni. Kumbe mmea haukuwa mgonjwa. Ulikuwa unajikinga na jua kali, na mvua ikinyesha ungerudia rangi yake ya kijani. Dalili ya ugonjwa wa kweli ni nyingine. Majani ya chini huwa laini, hupauka, na shina karibu na ardhi huwa jeusi lenye harufu mbaya. Huo ni uozo wa maji mengi. Dawa yake ni kuung'oa mmea, kukata sehemu yote iliyooza mpaka ionekane nyama safi, kuukausha kivulini, kisha kuupanda mahali pakavu zaidi. Mmea uliokwisha kushika mizizi hauhitaji kumwagiliwa ila katika ukame mrefu, na hata hapo mara moja kwa majuma mawili yatosha.

Anayetaka mbegu apande mishubiri miwili au zaidi isiyotoka kwa mama mmoja, kwa sababu aghalabu mmoja peke yake hauzai. Ndege aitwaye chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, huja kunywa asali ya maua na kuchukua chavuo kutoka mmea hata mmea. Nyuki nao hufanya kazi hiyo. Wenye mizinga wanajua thamani ya ua lipatikanalo wakati maua mengine hayapo.

Majani ya dawa yakatwe yale ya nje na ya chini, mawili au matatu tu kwa mara moja, na moyo wa mmea usiguswe. Jani lisimamishwe ili utomvu wa manjano uchuruzike. Ute mweupe wa ndani ya jani la mshubiri wa Uarabuni ndio upakwao juu ya ngozi iliyoungua kidogo. Utomvu wa manjano huharisha kwa nguvu, na mwanamke mwenye mimba na mtoto mdogo wasipewe kamwe. Wako pia watu wengi watiao majani katika maji ya kuku wakati wa kideri. Lakini kinga ya kideri ni chanjo, na asiyechanja kuku wake asitegemee shubiri.

Matunda yakianza kukauka na kupasuka sehemu tatu, yakusanywe asubuhi kabla upepo haujapeperusha mbegu, kwa kuwa ni nyepesi. Zipandwe katika debe lililotobolewa chini na kujazwa mchanga, zifunikwe kwa mchanga kidogo sana, na debe liwekwe penye kivuli chepesi. Baada ya majuma mawili mpaka manne huanza kuota, zikiwa ndogo kama majani ya nyasi. Miche ikae humo mwaka mzima, ndipo ihamishiwe bustanini mvua zianzapo, hatua mbili kati ya mmoja na mwingine.