Kabla Hujakodi Jina la Biashara: Somo la Franchaizi

Mkazi anayetaka kufungua duka huwa na njia mbili anazozijua: kuanza kutoka mwanzo, au kununua duka la mtu mwingine. Iko njia ya tatu, nayo ni franchaizi. Wengi huiendea kwa akiba ya miaka, kiinua mgongo au mkopo uliodhaminiwa kwa hatimiliki ya shamba. Ndiyo maana inafaa kuielewa kabla ya kutia sahihi.

Franchaizi ni nini?

Ni mkataba ambapo mwenye biashara iliyokwisha kupata jina humruhusu mtu mwingine kutumia jina hilo, nembo na utaratibu wake wa kazi, kwa malipo. Duka ni lako. Kodi ya nyumba, mishahara na hasara ni juu yako. Jina si lako.

Mfano mkubwa ni Carrefour. Jina ni la kampuni ya Ufaransa, lakini maduka yaliyoanza kufunguliwa Nairobi mwaka wa 2016 yalifunguliwa na Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai iliyopewa ruhusa ya kulitumia. Mfano mdogo ni vyoo vya Fresh Life mtaani Mukuru, Nairobi. Kuanzia mwaka wa 2011, wakazi walinunua vyoo hivyo kutoka kwa kampuni ya Sanergy na kuwatoza watumiaji ada ndogo, nayo kampuni ikazoa taka.

Wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka wa 2007, anafanana nao kwa kuwa hufuata rangi na kanuni za kampuni. Tofauti ni kwamba wakala hulipwa kamisheni, ilhali mwenye duka la franchaizi ndiye hulipa.

Malipo ni ya aina gani?

Kwa kawaida ni matatu: ada ya kuingia, inayolipwa mara moja, mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo kila mwezi, na mchango wa matangazo. Shika neno hili: mrabaha mara nyingi hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Hata mwezi wa hasara, utalipa.

Tupige hesabu

Chukulia mkahawa unaouza chakula cha Sh300,000 kwa mwezi:

- Bidhaa (asilimia 60 ya mauzo): Sh180,000
- Kodi ya nyumba: Sh40,000
- Mishahara: Sh45,000
- Umeme na maji: Sh12,000
- Mrabaha na matangazo (asilimia 8 ya mauzo): Sh24,000

Jumla ni Sh301,000. Mwenye mkahawa amepata hasara ya Sh1,000, na mwenye jina amepata Sh24,000.

Mkahawa huo bila jina la kukodi ungehitaji mauzo ya Sh242,500 ili usipate hasara. Ukiwa na jina, unahitaji Sh303,125. Kwa hivyo, jina lazima lilete mauzo ya ziada ya zaidi ya Sh60,000 kila mwezi kabla halijaanza kukufaidi. Jina linaloleta wateja hao lina thamani. Lisilowaleta ni mzigo.

Maswali ya kuuliza

1. Je, jina ni lake kweli? Alama za biashara husajiliwa na taasisi ya KIPI. Usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Ulizia huko kwanza.
2. Maduka yaliyopo yanapata nini? Omba hesabu za mwaka mzima. Tembelea angalau maduka matatu, na uyachague wewe mwenyewe.
3. Ni maduka mangapi yamefungwa, na kwa nini? Watafute waliotoka.
4. Je, eneo lako limelindwa, au anaweza kumpa jirani yako jina hilo hilo?
5. Bidhaa utanunua kwake tu? Kwa bei gani?
6. Mkataba ukiisha au ukivunjika, mashine na mkopo vitabaki kwa nani?

Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi inayomlazimu mwenye jina kukufichulia haya yote. Ulinzi wako mkubwa ni yale yaliyoandikwa kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha mahakamani. Mlipe wakili wako mwenyewe ausome, asiwe wakili wa mwenye jina.

Vibali ni vyako

Jina kubwa halikuondolei wajibu wa kuwa na kibali cha biashara cha kaunti. Wanaohudumia chakula sharti wawe na cheti cha afya. Gharama hizi ziingize kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Rudia hesabu iliyo hapo juu kwa takwimu za duka unalolitaka: kodi ya nyumba ya mtaa wako, mishahara utakayolipa na asilimia uliyotajiwa. Ukiona mauzo yanayohitajika yanazidi yale ya maduka uliyotembelea, usitie sahihi.