Usingizi wa Mtoto Mchanga na Mapumziko ya Wazazi

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto wa hadi miezi 3 alale saa 14 hadi 17 katika kila saa 24. Kwa nini basi wazazi wake hukesha?

Kwanza, katika ubongo wa mtu mzima kundi dogo la chembe hai hupokea habari za mwanga kutoka machoni, likauongoza mwili kutambua usiku na mchana. Kwa mtoto mchanga mfumo huu haujakomaa. Hujipanga baada ya wiki kadhaa. Pili, tumbo lake dogo hudai maziwa mara kwa mara. Tatu, mzunguko mmoja wa usingizi wake huchukua dakika 50 hivi, hali wa mtu mzima huchukua 90. Hivyo nafasi za kuamka ni nyingi.

Mtoto huyo, basi, si mkaidi wala hajadekezwa. Mchana akae penye mwanga na mazungumzo. Usiku anyonyeshwe kwa utulivu, taa ikiwa hafifu. Alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mito, ndani ya chandarua.

Mama naye alale mtoto alalapo, na baba au bibi ashike zamu. Mzazi aliyechoka mno huweza kusinzia kitini akiwa amempakata mtoto, na mtoto akazibwa pumzi.

Zoezi: Kwa idhini ya wazazi, andika saa anazolala mtoto mchanga, siku moja katika kila wiki, kwa wiki 8. Chora grafu. Je, usingizi wa usiku umeongezeka?