Kabla ya Mtambo Kufika: Jinsi ya Kupanga Uchorongaji wa Kisayansi

Muulize mtu wa Malava, eneo la Kabras huko Kakamega, bahari iko wapi, atakuonyesha barabara ya Nairobi na Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 800. Maji ya Kabras hayafuati barabara hiyo. Mto Lusumu huyapeleka Nzoia, Nzoia huyamwaga Ziwa Victoria, na kutoka Jinja yanashika Nile hadi Mediterania. Huko, kusini mwa kisiwa cha Saiprasi, meli ya JOIDES Resolution ilichoronga sakafu ya bahari mwaka 1995, katika kituo kilichopewa namba 967. Mashapo yaliyotolewa yana matabaka meusi yanayojirudia. Kila tabaka jeusi ni alama ya enzi ambayo mvua za Afrika, hasa zile za nyanda za juu za Ethiopia, ziliijaza Nile kupita kiasi.

Kwa hiyo kijana wa Kabras anayesoma sayansi ana haki ya kuutazama uchorongaji wa bahari kama jambo la kwao. Siku moja huenda akawa yeye anayepanga mradi wa namna hiyo, wa baharini au wa ziwani. Makala haya yanamhusu yeye na mwalimu wake.

Anza na swali, na uliandike kwa sentensi moja ambayo chifu ataielewa. "Tunataka kujua historia ya tabianchi" ni matamanio tu. Tazama kilichofanyika Olorgesailie, kusini mwa Nairobi. Timu ya Rick Potts wa Taasisi ya Smithsonian, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilikuwa imefukua huko kwa miaka mingi. Watu wa kale walitumia mashoka makubwa ya mawe kwa mamia ya maelfu ya miaka, kisha kufikia miaka 320,000 iliyopita zana zikawa zimebadilika kabisa. Katikati palikuwa na pengo la miaka 180,000, kwa sababu mmomonyoko ulikuwa umeyazoa matabaka yote ya kipindi hicho. Swali likajileta lenyewe: ni nini kilitokea ndani ya pengo, na udongo wa wakati ule umebaki wapi? Ulikuwa umebaki katika uwanda wa Koora, takriban kilomita 24 kutoka hapo. Mwaka 2012 walitoa pale mche wa mashapo wenye urefu wa mita 139 na upana wa sentimita 4 tu, uliobeba historia ya miaka milioni moja. Swali ndilo lililochagua mahali, na mahali pakachagua mtambo.

Miradi mibaya huanzia upande wa pili. Mtu amepata fedha au mashine, ndipo anatafuta cha kuuliza. Hata wakubwa wamewahi kuanguka hapo. Mwaka 1961 Wamarekani walianza kuchoronga katika mradi wa Mohole, wakitaka kulitoboa gamba lote la dunia kutoka baharini. Majaribio ya kwanza, karibu na kisiwa cha Guadalupe cha Meksiko, yalifaulu: meli ilisimama mahali pamoja kwa nguvu ya injini zake juu ya maji ya kina cha mita 3,600 hivi, ikachoronga mita 183 chini ya sakafu. Kisha wakubwa wakashindwa kukubaliana wanachimba shimo la aina gani, gharama zikapaa, na mwaka 1966 Bunge la Marekani likafunga mfuko. Mradi uliofuata, wa meli ya Glomar Challenger kuanzia 1968, uliacha ndoto ya shimo moja kuu. Ulichoronga mashimo mengi, kila moja likiwa na swali lake dogo, na ukadumu hadi 1983.

Ukishapata swali, chunguza mahali kabla ya kugusa ardhi. Baharini na ziwani hilo hufanywa kwa mawimbi ya sauti yanayopenya mashapo na kurudisha picha ya matabaka. Picha hiyo hukuonyesha unene wa mashapo, mahali yalipovurugwa na tetemeko au maporomoko, na mahali penye dalili za gesi. Hili la gesi si la mzaha. Katika programu za kimataifa za bahari kuna kamati ya usalama inayopitia picha za kila kituo, na inaweza kukataa kituo au kukisogeza, hata swali lako liwe zuri namna gani. Usibishane nayo. Andaa vituo vya akiba mapema, vikiwa na picha zake na idhini zake, kwa sababu siku ambayo kituo cha kwanza kitakataliwa hutakuwa na muda wa kuanza upya.

Vibali ndivyo vinavyowaua wasiojipanga. Hapa Kenya utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, na kwa shimo la nchi kavu utazungumza na NEMA kuhusu mazingira na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuhusu maji ya chini ya ardhi. Ukikaribia mabaki ya kale, Makumbusho ya Taifa yanaingia. Sampuli zikitoka nje ya nchi, kuna karatasi nyingine. Baharini, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari unadai taarifa za mradi zifike kwa nchi yenye pwani si chini ya miezi sita kabla ya kazi kuanza. Mkataba huohuo unaipa nchi hiyo haki ya kushirikishwa, ikiwemo kupandisha wanasayansi wake melini. Wakenya na Watanzania wengi hawaijui haki hii. Ukiwa upande wa mwenyeji, idai kwa maandishi mapema. Na mahali panapogusa nchi mbili, kama Ziwa Challa kule Taveta lililochorongwa mwaka 2016, hesabu kila kibali mara mbili.

Kibali cha ofisini hakitoshi kwa mtu mwenye shamba. Kakamega ilikuwa na mbio za dhahabu miaka ya 1930, na utafutaji wa dhahabu unaendelea hadi leo upande wa Ikolomani, kwa hiyo mtambo wowote unaosimama Kabras utadhaniwa ni wa dhahabu au wa maji. Nenda kwa mzee wa kijiji, kisha kwa chifu, kisha omba baraza. Eleza unachotafuta, unachochukua, na kitakachobaki. Usiahidi maji. Shimo la kisayansi kwa kawaida huzibwa kwa saruji kazi ikiisha, ili maji ya tabaka moja yasichanganyike na ya lingine, na mwenye shamba anapaswa kulijua hilo kabla ya kuona saruji ikimwagwa. Malipo ya mazao yaliyokanyagwa, hasa miwa, yaandikwe na kulipwa kabla ya lori kuingia. Malipo ya baadaye huzaa kesi.

Kalenda nayo ifuate anga. Kabras hunyeshewa sehemu kubwa ya mwaka, na barabara za murram zinazopitisha matrela ya miwa hugeuka matope mazito wakati wa masika. Lori la mtambo likizama hapo, unalipa wafanyakazi wamekaa. Ufukweni fikiria pepo za kusi na kaskazi. Kusi ikivuma, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, mawimbi hupanda na meli ndogo haiwezi kutulia juu ya shimo. Siasa pia ni sehemu ya hali ya hewa: kati ya 2008 na 2012 uharamia wa Somalia ulizifanya meli za utafiti ziikwepe sehemu kubwa ya bahari yetu.

Hesabu ya muda wa meli inahitaji penseli. Mwaka 1972 Glomar Challenger ilichoronga kituo 241, mashariki ya pwani ya Kenya, penye maji ya kina cha zaidi ya mita 4,000, na ikaingia zaidi ya mita 1,000 ndani ya sakafu. Kushusha bomba tu hadi kugusa chini, ukikadiria mita 500 kwa saa, ni saa nane. Kekee ikichakaa, bomba lote linapanda na kushuka tena, na karibu siku nzima imekwenda bila hata mche mmoja. Kwa hiyo andika ratiba kwa saa, kisha ongeza siku za dhoruba na za kuharibika kwa vyombo. Mradi usio na siku za akiba umeandikwa na mtu asiyejua bahari.

Kabla ya kuondoka bandarini, amueni nani ana neno la mwisho. Katika safari za kimataifa wanasayansi wakuu huwa wawili, nao huamua mambo ya sayansi. Msimamizi wa uchorongaji huamua mambo ya bomba na shimo. Usalama wa meli na watu ni wa nahodha, na hapo hakuna mjadala. Andikeni pia maamuzi ya masharti: tukifika mita 300 bila kupata tabaka tunalolitaka, tunaendelea au tunahama? Tukipata nusu tu ya miche, tunachoronga shimo la pili? Watu wanaofanya kazi zamu za saa 12 kwa takriban miezi miwili hawapaswi kuanza kujadili hayo saa tisa usiku wakiwa wamechoka.

Sasa tufike kwenye miche yenyewe, kwa sababu hapa ndipo fedha zote zilizotumika hupona au hupotea. Hakuna shimo linalorudisha kila sentimita. Mashapo laini hutoka kwenye bomba, miamba migumu huvunjika, na kati ya mche mmoja na unaofuata hubaki pengo. Dawa yake ni kuchoronga mashimo mawili au matatu, kila moja mita chache kutoka jingine, kwa vina vilivyopishana, ili pengo la shimo A lizibwe na mche wa shimo B. Matabaka hulinganishwa kwa vipimo vya usumaku, uzito na rangi hadi historia moja isiyokatika ipatikane. Ukiwa na fedha za mita 300, mashimo mawili ya mita 150 mara nyingi yana faida kuliko moja la mita 300. Wafadhili hupenda kina kikubwa. Wewe penda mfululizo.

Mche wa bahari hutoka ukiwa na urefu wa mita 9.5 hivi, nao hukatwa vipande vya mita 1.5. Kila kipande hupewa jina lake pale pale: safari, kituo, shimo, namba ya mche, namba ya kipande. Upande wa juu hufungwa kifuniko cha bluu, wa chini kifuniko kisicho na rangi. Jambo hili linaonekana la kitoto hadi siku kipande kitakapogeuzwa na miaka 10,000 ikaanza kwenda kinyumenyume kwenye grafu yako. Weka mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na subira, asiye na kazi nyingine yoyote ila majina na daftari. Kisha kila kipande hupasuliwa kwa urefu: nusu moja hukatwa sampuli, nusu ya pili huhifadhiwa kwenye ubaridi kama kumbukumbu. Hiyo ya pili ilinde kwa wivu. Mbinu ambazo bado hazijagunduliwa ndizo zitakazoihitaji.

Kuhusu bajeti nitasema moja tu: usiruhusu shimo lile zaidi ya theluthi mbili ya fedha. Uchunguzi wa chavua, majivu ya volkano na umri wa matabaka huchukua miaka. Mche wa Koora ulitolewa 2012. Makala kuu juu yake ilichapishwa 2020. Mche wa Ziwa Magadi, uliotolewa 2014, ulihitaji watu kama Veronica Muiruri kukaa na hadubini kuhesabu chavua hadi historia ya mimea ya miaka milioni moja ikaandikika. Mwanafunzi wa kazi hiyo lazima awe na mshahara hata mtambo ukisharudi Nairobi.

Na kama huna hata senti ya mtambo? Pwani ya kusini ya Tanzania inafundisha jambo. Sakafu ya bahari ya zamani ilikwishainuliwa ikawa nchi kavu, na mradi wa Paul Pearson na wenzake, akiwemo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ulichoronga mashapo hayo ya bahari huko Kilwa na Lindi bila kukodi meli. Ndani ya ule udongo wa mfinyanzi walipata foraminifera, viumbe wadogo wa bahari wenye gamba, waliohifadhika kama kioo, na kutokana nao wakasoma jinsi hewa ya kaboni ilivyobadilika miaka milioni 34 hivi iliyopita, barafu ya Antaktika ilipoanza kutanda.

Njia nafuu kuliko zote ni kutumia shimo lililokwisha kuchorongwa. JOIDES Resolution ilistaafishwa mwaka 2024, na nafasi za meli zimepungua, lakini miche ya miaka zaidi ya hamsini ipo kwenye ghala tatu: Bremen nchini Ujerumani, College Station huko Texas, na Kochi nchini Japani, ambako miche ya Bahari Hindi imewekwa. Wanasayansi wa safari huwa na mwaka mmoja hivi wa kutumia sampuli zao peke yao. Baada ya hapo mtafiti au mwalimu yeyote mwenye swali la maana anaweza kuomba, na takwimu ziko wazi bila malipo. Maombi yako yataje kituo, kina, kiasi cha udongo kwa sentimita za ujazo na kipimo utakachofanya. Kwa hiyo mwalimu wa Malava, kabla ya kuandika ombi la mamilioni ya kuchoronga, soma ripoti ya kituo 241, chagua swali moja, na uwaandikie Kochi.