SOMO LA MAKATIBU: WAKILI WA BAHARI NA DAFTARI LA CHAMA



Vyama vingi vya wavuvi humkumbuka wakili siku mashua imekwisha kuvunjika. Somo hili lina shabaha moja: kueleza kazi ya wakili aliyebobea katika sheria za uvuvi na bahari, na kuonyesha kwamba wakili huyo, hata awe hodari namna gani, hutegemea maandishi ya katibu.

1. Kwa nini wakili wa aina hii?

Kwanza, mipaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 huipa nchi ya pwani mamlaka juu ya bahari yake hadi maili 12 za baharini, na haki juu ya samaki hadi maili 200. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Ndiyo maana wakili huanza kwa kuuliza: jambo hili lilitokea wapi?

Pili, mdaiwa wa baharini huondoka. Meli iliyogonga mashua leo yaweza kuwa katika maji ya nchi nyingine kesho kutwa. Kwa hiyo sheria ya bahari humruhusu mdai kuiomba mahakama iizuie meli yenyewe bandarini mpaka mwenye meli aweke dhamana. Wakili asiyeizoea kazi hii huenda akaandika barua na kungoja majibu, na huku meli imeng'oa nanga.

Tatu, muda. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1910 juu ya kugongana kwa vyombo uliweka miaka miwili tu ya kufungua madai. Yafaa chama kimwulize wakili mapema siku ya mwisho ya kufungua shauri lake.

2. Niliyoyaona

Katika ukaguzi wangu nilifika kwenye chama kimoja cha pwani ambacho jarife sita za wanachama wake zilikuwa zimebururwa usiku na meli ya mizigo. Wavuvi wawili waliiona meli hiyo kwa macho yao. Wakili aliwauliza maswali manne: jina la meli, saa, mahali, na bei ya jarife. La kwanza walilibishania, la pili na la tatu walikisia, na la nne halikujibiwa kabisa, kwani stakabadhi zilikuwa kwa mweka hazina aliyekwisha kuhama. Wakili hakuwafukuza, lakini hakuweza kuwaahidi kitu. Wakarudi na hasara yao, na mkopo wa nyavu wakiendelea kudaiwa. Nami sikosi lawama: mwaka uliotangulia nilikagua fedha za chama hicho pasipo kuuliza daftari la vifaa.

3. Funzo kutoka Afrika Kusini

Yasije yakadhaniwa kuwa wavuvi wadogo hushindwa siku zote. Nchini Afrika Kusini, sheria ya uvuvi wa baharini ya mwaka 1998 iligawa haki za kuvua, na wavuvi wengi wa kijadi wakaachwa nje. Wakisaidiwa na shirika la Masifundise na mawakili wa Legal Resources Centre, walimshitaki Waziri mahakamani. Mwaka 2007 mahakama iliamuru wavuvi wapatao 1,000 wapewe nafasi ya muda ya kuvua, na Serikali itunge sera mpya. Sera hiyo ilipitishwa mwaka 2012, sheria ikarekebishwa mwaka 2014, na haki za wavuvi wadogo zikaanza kutolewa kwa vyama vya ushirika vya jamii zao.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilitengua utaratibu wa kuwatambua wavuvi wa jimbo la Western Cape, kwa kuwa uhakiki wake ulikuwa na kasoro, nao ukabidi kurudiwa. Haki iliyopiganiwa kwa miaka mingi ilikwama kwenye orodha ya majina!

4. Mambo ya kutekeleza

(a) Daftari la vyombo na vifaa, pamoja na stakabadhi za ununuzi, likae ofisini.

(b) Daftari la safari lionyeshe nahodha, mabaharia, saa ya kutoka na kurudi, na mahali walipovua.

(c) Nakala za leseni zihifadhiwe, na tarehe za kwisha kwake zibandikwe ukutani.

(d) Rejista ya wanachama isahihishwe kila anapoingia, anapotoka au anapofariki mwanachama.

(e) Ajali ikitokea, maelezo ya mashahidi yaandikwe siku ile ile na kutiwa sahihi, na taarifa itolewe kwa wakuu wanaohusika.

(f) Chama kilichoandikishwa hushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Basi wakili aajiriwe kwa azimio lililomo katika muhtasari wa kikao, si kwa neno la mwenyekiti peke yake. Hakikisheni kwamba ana kibali cha uwakili cha mwaka huo, mwulizeni mashauri ya bahari aliyopata kuyashughulikia, na ada iandikwe katika mkataba.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Baharini, hata haki hupotea hivyo hivyo.

Maswali ya majadiliano

1. Jarife zetu zikikatwa usiku huu, tutaweza kuthibitisha bei yake?
2. Nani anatunza daftari la safari, na asipokuwapo ni nani?
3. Rejista yetu ilisahihishwa lini mara ya mwisho?