Darasa ya Khitilafu za Itikadi: Kwa Nini Watu Hawavumiliani

Darasa hii yahusu jambo linalowasumbua watu wa mwambao na watu wa milima iliyo nyuma yake, nalo ni kule mtu kushindwa kumvumilia mwenziwe mwenye itikadi nyingine juu ya Mungu.

Watu hukhitilafiana katika mambo mengi na wasigombane. Mvuvi mmoja husema kusi itachelewa mwaka huu, wa pili hukana, kisha hula sahani moja. Lakini wakikhitilafiana katika khabari ya Mola wao, sauti hupanda, salamu hukatika, na pengine ndugu wa tumbo moja hukanana. Naye aliyekasirika akiulizwa sababu, hujibu kuwa ni ghera ya dini na mapenzi ya Mungu.

Jawabu hii yapasa ipimwe. Kama ghadhabu ingekuwa ndicho kipimo cha mapenzi ya Mungu, Mtume (S.A.W.) angekuwa mkali kuliko watu wote juu ya waliomkanusha. Naye watu wa Taif walimfukuza na kumpiga mawe. Na alipojiwa na malaika wa milima tayari kuwaangamiza wakanushao, alikataa, akataraji kwamba katika vizazi vyao watatoka watu wamwabuduo Mungu peke yake. Basi ghadhabu ina asili nyingine, nayo yafaa itafutwe.

FASILI YA KWANZA: MFANO WA UNGUJA

Masunni wa pwani, wafuatao madhehebu ya Imam Shafi, husadiki kwamba waumini watamwona Mola wao Akhera, pasipo namna wala mfano. Maibadhi husema kwamba Mwenyezi Mungu haonwi, si duniani wala Akhera, kwani kuonwa kwa macho ni sifa ya viumbe. Kila upande una aya yake: Masunni hutegemea Sura ya 75, aya ya 22 na 23, Maibadhi hutegemea Sura ya 6, aya ya 103. Wala hili si jambo dogo, kwa kuwa ni khabari ya Mungu mwenyewe.

Na juu ya hayo, katika zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, mtawala alikuwa Ibadhi na wengi wa raia zake wa Kiislamu walikuwa Mashafi, na watu wakauziana, wakaoana na wakazikana. Walikuwapo makadhi wa madhehebu zote mbili. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na Sunni, aliwekwa na Sayyid Said kuwa kadhi wa Kilwa hali yu kijana, na baadaye akawa kadhi Unguja.

Zikaja zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni wa Kisunni wa Mombasa, alitiwa gerezani kwa ajili ya mafundisho yake, akafunguliwa baada ya Barghash kufariki na Sayyid Khalifa kushika ufalme. Wala Barghash hakuwa mtu asiye na wema: ndiye aliyewaletea watu wa mji wa Unguja maji ya mifereji, na ndiye aliyeleta matbaa iliyochapa vitabu vya elimu ya Kiibadhi.

Basi nini kilichobadilika? Aya zilikuwa zile zile, na khitilafu ilikuwa ile ile ya zama za baba yake. Kilichobadilika ni kwamba baadhi ya watu wa nyumba za Kiibadhi walianza kuvuka na kuingia madhehebu ya Kisunni. Hapa ndipo penye siri ya darasa hii yote. Mtu huweza kuvumilia khitilafu ya jirani miaka arobaini. Asichoweza ni kumwona mmoja wake akivuka. Jirani akihalifu, mtu husema: Mungu amwongoe. Mwana akihalifu, husema: amenivunjia jina. Neno la kwanza lina Mungu ndani yake. Neno la pili halina.

FASILI YA PILI: SABABU TATU

Sababu ya kwanza ni heshima ya nyumba. Wengi hawakuichagua itikadi yao, bali walizaliwa ndani yake, wakaipata pamoja na jina la baba, lugha ya mama na mahali pa kuzikia. Kwa hiyo yeyote aikataaye huonekana kana kwamba amewatukana wazee. Mtu hudhani anamtetea Mola, kumbe anatetea ukoo. Na Kurani yawalaumu mara nyingi waliowakataa Mitume kwa hoja hii moja, kwamba waliwakuta baba zao katika njia fulani.

Sababu ya pili ni khofu ya ujinga. Mwenye kuijua dini yake kwa dalili husikia swali akalijibu, au akasema hajui akaenda kumwuliza ajuaye. Asiyejua illa kwa kusikia, swali humtia kiwewe, naye huificha khofu yake kwa ukali. Ndiyo maana barazani mwenye makelele makubwa mara nyingi ndiye mwenye elimu haba.

Sababu ya tatu, nayo ndiyo nzito, ni kutwaa kazi ya Mungu. Kurani yaeleza mahali pengi kwamba hukumu ya wakhitilafuo ni ya Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama, na kwamba kazi ya Mtume ni kufikisha. Katika Sura ya 10, aya ya 99, Mtume mwenyewe aelezwa kwamba hakuwekwa kuwalazimisha watu hata waamini. Ikiwa Mtume hakupewa kazi hiyo, mwenye duka wa Pangani au mwalimu wa chuo cha Tanga ameipata kwa nani?

Sababu hizi tatu zikikutana na nguvu za dola, dhuluma huzaliwa. Mwaka 833, Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad aliwalazimisha maulamaa wakiri kwamba Kurani imeumbwa. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na katika zama za al-Mu'tasim akapigwa mijeledi. Mtihani ule ulikomeshwa na Khalifa al-Mutawakkil. Lakini katika karne iliyofuata, baadhi ya watu wajiitao wafuasi wa Imam Ahmad walimuudhi Imam at-Tabari, mfasiri mkubwa wa Kurani, aliyefariki mwaka 923, hata wakawazuia watu kuingia kwake. Hivyo aliyedhulumiwa jana, akipata nguvu leo, asipojichunga hudhulumu kwa fimbo ile ile.

FASILI YA TATU: NYUMBA ZA BONDE NA USAMBARA

Yasidhaniwe kwamba mambo haya ni ya wafalme tu. Kutoka Tanga kwenda Muheza, na kutoka Muheza kupanda hata Amani, mtu hupita katika nchi ambayo itikadi tatu zimekaa chini ya paa moja. Mwaka 1848 mmisheni Krapf alipofika Vuga kwa Mfalme Kimweri, Waislamu walikuwapo karibu na mfalme, na mfalme mwenyewe alishika mila za wazee wake. Na juu ya hayo alimpokea mgeni kwa wema. Miaka ya 1860 wamisheni wa Kiingereza walianza kazi Magila, karibu na Muheza, na mwaka 1891 Walutheri wa Kijerumani wakaanza Mlalo. Uislamu nao ulikuwa ukipanda kutoka Tanga na Pangani pamoja na biashara na walimu. Mwaka 1902 Wadachi walianzisha Amani chuo cha kuchungua mimea na kilimo, na mashamba ya milimani na ya tambarare yakaleta vibarua wa makabila mengi, kila mmoja na imani yake.

Basi ikawa mtu mmoja ana mjomba atambikiaye kaburi la wazee, na ndugu aliyebatizwa, naye mwenyewe ni Mwislamu aswaliye. Siku za kulima hapana neno. Neno huja siku ya ugonjwa, siku ya msiba na siku ya kugawa mali. Hapo ndipo mtu hujiuliza: aende asiende? Na wako waliokaa nyumbani hali maiti ya ndugu yao inapita mlangoni, wakidhani hiyo ndiyo dini. Kaburi likisha fukiwa, hapana tena mlango wa kuomba radhi.

Sharia imekwisha wajibu watu hawa. Katika Sura ya 31, aya ya 15, mwana ambaye wazazi wake wamshurutisha ushirikina aamriwa asiwatii katika hilo, na papo hapo aamriwa akae nao duniani kwa wema. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake hali mama ni mshirikina; akamwuliza Mtume (S.A.W.), akaamriwa amwungie udugu. Mtume alikwenda kumtazama kijana wa Kiyahudi alipougua, na ilipopita jeneza ya Yahudi alisimama. Abu Talib alipokufa pasipo kusilimu, Mtume alimwamuru Ali akamzike baba yake.

Kwa hiyo maulamaa wa Kishafi wamesema kwamba Mwislamu huweza kufuata jeneza ya jamaa yake asiye Mwislamu na kusaidia kumzika. Lisilojuzu ni kumswalia. Na ijapokuwa hawarithiani, Mwislamu huweza kumwachia jamaa yake huyo wasia katika theluthi ya mali. Sharia imefunga mlango mmoja na kuacha milango mingi wazi. Mjinga huifunga yote kisha akaiita dini.

FASILI YA NNE: MPAKA WA UVUMILIVU

Huenda mtu akauliza: je, kuvumilia si kukubali kwamba itikadi zote ni sawa? Sivyo. Asemaye kwamba zote ni sawa hana analolivumilia, kwani hapana linalomlemea. Mvumilivu ni yule asadikiye kwamba mwenziwe amekosa, na bado akamtimizia haki yake ya salamu, ya ujirani na ya udugu. Akitaka kumrudi, humrudi kwa hoja. Na Sura ya 6, aya ya 108, yamkataza hata kuwatukania wengine waungu wao.

Jambo hili lina ushahidi wa karibu. Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyofanywa na Godfrey Dale, kasisi wa misheni, pamoja na maelezo yaliyowachoma Waislamu. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa hakuwaita watu kwa marungu. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akawafundisha Waislamu dini yao kwa lugha yao, akaanza tafsiri yake mwenyewe. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdullah Saleh Farsy, alishika njia hiyo, na tafsiri yake kamili ya Kurani ikatoka mwaka 1969. Na huyo Sheikh Al-Amin ni mwana wa yule Sheikh Ali bin Abdallah aliyefungwa na Barghash. Baba alijibiwa kwa gereza. Mwana aliwajibu watu kwa kalamu. Jawabu ya kitabu ni kitabu.

Basi mwenye kuona ghadhabu ikimpanda kwa ajili ya itikadi ya mwenziwe, na ajiulize kwanza: imepanda kwa sababu Mungu amekosewa haki yake, au kwa sababu jina la nyumba limeguswa? Mungu si mhitaji wa kutetewa kwa kukata udugu aliouamuru uungwe. Mwenyezi Mungu atupe elimu ituondoleayo khofu, na upole usiotuondolea imani. Amin.

MASWALI YA DARASA

1. Khitilafu ya Masunni na Maibadhi ilikuwapo zama za Sayyid Said na zama za Sayyid Barghash. Kwa nini ilileta kifungo katika zama za pili?
2. Taja sababu tatu za kutovumiliana, na useme ipi iliyo nzito na kwa nini.
3. Mtu amefiwa na ndugu yake Mkristo huko Muheza. Lipi limjuzulialo, na lipi lisilojuzu?